Gari Lipakwe Nta Mara Ngapi?

Jioni moja kijana jirani yangu hapa Manyamanyama alinijia na swali. Alikuwa amenunua gari dogo jeusi, la mtumba kutoka Japani. Aliniamkia, nikamwitikia, akaketi. "Mwalimu," alisema, "gari linapakwa nta mara ngapi? Mmoja kaniambia kila wiki. Mwingine kaniambia nisijisumbue, mvua inatosha. Nikaona nije kwako, maana wewe ulikuwa na gari kabla sisi hatujazaliwa."

Nilimjibu kwa maneno machache, akashukuru, akaenda zake. Usiku ule sikupata usingizi mapema. Jibu nililompa lilikuwa sahihi, lakini halikuwa jibu lote. Mwalimu akimpa mwanafunzi nusu ya jibu huwa amemdanganya nusu. Kwa hiyo nimeona niliandike hapa lote, ajapo kulisoma yeye, au mtu mwingine yeyote anayependa kuona gari lake liking'aa.

Tuanze mbali kidogo. Magari ya kwanza, mwishoni mwa karne ya 19, yalirithi bodi zake kwa mafundi wa magari ya farasi. Sehemu kubwa ya bodi ilikuwa mbao. Rangi ilichanganywa na mafuta, ikapakwa kwa brashi tabaka juu ya tabaka, kisha juu yake vanishi. Kila tabaka lilingojewa likauke, likapigwa msasa, ndipo lingine lifuate. Gari moja liliweza kukaa majuma kadhaa katika chumba cha rangi. Usione vyaelea, vimeundwa.

Henry Ford alitaka magari mengi kwa muda mfupi, na rangi ya namna hiyo ilimchelewesha. Kuanzia 1914 hadi 1925 gari lake la Model T lilitoka kiwandani kwa rangi moja tu, nyeusi. Katika miaka hiyo ya 1920 kampuni ya Du Pont ya Marekani ikatoa rangi mpya iliyoitwa Duco, ambayo General Motors waliipaka kwenye magari yao ya Oakland ya mwaka 1924. Rangi hiyo ilikauka kwa saa badala ya majuma. Ilikuwa na upungufu mmoja: ilikauka ikiwa imefifia, na ili ing'ae ilibidi isuguliwe. Hapo desturi ya kusugua gari ikatia mizizi. Wenye kuuza nta nao walikuwa tayari wamekwisha kufungua duka, kwani kampuni ya Simoniz ilianza Chicago mwaka 1910.

Sasa ni lazima nieleze tofauti moja, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuijua kwa miaka mingi na ujinga huo ulinigharimu. Kupaka nta ni jambo moja. Kusugua rangi kwa dawa yenye chengachenga ni jambo jingine. Nta huongeza kitu juu ya rangi. Ni kama mama anavyompaka mtoto mafuta asubuhi kabla ya kwenda shule, ngozi isipasuke kwa upepo. Dawa ya kusugulia hupunguza. Ndani yake mna unga mkali, mlaini kwa macho, lakini kazi yake ni kukwangua tabaka la juu lililochakaa ili jipya la chini lionekane. Rangi yote ya gari kutoka kiwandani, kuanzia ile ya chini kabisa hadi ya juu, ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Chukua karatasi moja ya daftari uipime kwa vidole: ndiyo hiyo. Hiyo ndiyo akiba yote aliyopewa mwenye gari kwa maisha yote ya gari lile. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali.

Na kwa kuwa nimetaja asali, niseme pia kwamba nta si kitu kigeni kwetu. Nta ya nyuki ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa nje ya nchi hii tangu enzi za Wajerumani, na hadi leo Tabora inajulikana kwa asali na nta yake. Upungufu wa nta ya nyuki ni kwamba huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 64 hivi, na paa la gari lililoachwa juani saa nane mchana laweza kukaribia hapo au kupita. Kwa sababu hiyo watengenezaji huchanganya nta ya mnazi mmoja wa kaskazini mashariki ya Brazili, uitwao karnauba, ambayo haiyeyuki mpaka zaidi ya nyuzi 80. Mti ule huyafunika majani yake kwa nta ili yasikaushwe na jua. Mwanadamu ameiga tu.

Nilianza kuyapenda magari nikiwa kijana katika miaka ya 1960, na magari niliyoyapenda hayakuwa yaking'aa hata kidogo. Yalikuwa yale ya mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tulikuwa tukitazama picha zake magazetini. Gari lilifika likiwa tope tupu, namba haisomeki, taa moja imevunjika, na dereva akibebwa mabegani. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Katika ushindi wa 1966 na 1967 dereva alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, nasi tulijivuna kana kwamba ni mtu wa Bunda. Basi mjomba wangu aliponunua 404 yake mwaka 1969, ya rangi ya maziwa, kwangu halikuwa gari tu. Lilikuwa ni ndoto imekuja kuegeshwa chini ya mwembe.

Mjomba alikuwa karani katika ushirika wa pamba. Pamba ndiyo iliyolinunua gari lile. Vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976 alirudi nyumbani na gari lake na makopo manne ya dawa ya kusugulia, na alipofariki mwaka 1979 ukoo uliamua gari lije kwangu. Wakati huo nilikuwa na miaka 30, mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyokuwa karibu na ziwa, upande wa Ghuba ya Speke. Jina la shule sitalitaja. Waliosoma pale wanaijua.

Msomaji akumbuke ilivyokuwa nchi mwaka ule. Vita vya Kagera vilikuwa ndiyo kwanza vimekwisha. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda tena. Petroli ilipatikana kwa kibali, na Jumapili baada ya saa nane mchana magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa kutembea. Sabuni tulipanga foleni kwenye duka la kaya. Katika hali hiyo mimi nilikuwa na Peugeot 404 ambayo kwa mwezi ilitembea pengine mara mbili. Gari halikuwa na petroli, lakini lilikuwa na mng'aro. Kila Jumamosi lilioshwa, na kila Jumamosi lilisuguliwa. Lilikuwa gari safi kuliko yote niliyopata kuyaona, kwa sababu halikwenda popote.

Na nani aliliosha? Hapa ndipo kalamu inapokuwa nzito. Waliliosha watoto.

Katika chuo cha ualimu tulisomeshwa kijitabu cha Mwalimu Nyerere, Elimu ya Kujitegemea, kilichotoka Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha. Tulikijua karibu kwa moyo. Kilisema shule iwe na shamba, wanafunzi wafanye kazi kwa mikono yao, wasijione wametengwa na wakulima walio wazazi wao. Niliamini hayo, na bado nayaamini. Tulilima pamba na mihogo, tulifuga kuku, tulifyatua matofali ya madarasa wakati Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipotaka kila mtoto wa rika la shule apate nafasi ya darasa la kwanza. Watoto waliosoma chini ya miti walijenga kuta zao wenyewe. Hiyo ilikuwa kujitegemea.

Lakini gari la mwalimu mkuu si shamba la shule. Nililijua hilo. Mwongozo wa TANU wa Februari 1971 ulikuwa umebandikwa katika ofisi yangu, na ulimkataza kiongozi kuwa na majivuno na kuwaonea watu. Nilikuwa nikipita chini yake kila asubuhi. Tuliwacheka wabenzi wa mijini na naizesheni waliovaa suti juani, nami nilikuwa na 404 ya urithi, nikajiambia kwamba urithi si ubepari. Katika daftari la zamu za Jumamosi niliandika kwa mkono wangu: bustani, vyoo, uwanja, gari.

Petroli ilipokuwapo niliendesha gari hadi ufukweni, magurudumu ya mbele yakaingia majini, na watoto wanane wa darasa la sita wakalizunguka wakiwa na karai na matambara. Petroli ilipokosekana walilisukuma kuteremka, kisha wakalisukuma kurudi, kilima kile kidogo, gari la uzito wa tani moja. Walikuwa wakiimba. Nilisema moyoni kwamba wanafurahi, na kweli walifurahi. Mtoto akiondolewa darasani akapelekwa majini hafurahi vipi?

Kulikuwa na mvulana mmoja aliyeipenda kazi ile kuliko wengine. Alikuwa wa mwisho kutoka majini. Alisafisha nikeli ya taa kwa kidole, akiwa amezama hadi mapajani, mpaka anajiona sura yake. Nilimpenda. Darasani alikuwa hodari wa hesabu, nami nilikwisha mpangia moyoni nafasi ya sekondari.

Mwaka 1981 alianza kukosa shule. Nilituma kiranja, akarudi akasema tumbo. Alikosa mwezi mzima, kisha mwingine. Siku moja bibi yake alikuja ofisini. Hakukaa kwenye kiti nilichompa. Alisema, "Mwalimu, wamemwona ana kichocho, ini limevimba. Wameniuliza kama mtoto anashinda ziwani. Nimewaambia mimi sina gari." Akanyamaza. Halafu akaongeza, "Nilikuletea asome." Akaaga kwa heshima zote, akatoka.

Baadaye nilisoma habari za ugonjwa ule. Daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, aliwagundua minyoo wake Cairo mwaka 1851. Mayai hutoka kwa choo cha mgonjwa, yakifika majini huanguliwa, na viluwiluwi huingia katika konokono wadogo wa kando ya ziwa. Humo huongezeka kwa maelfu, kisha hutoka na kuogelea wakitafuta ngozi ya binadamu, na wakiipata huipenya kwa dakika chache bila mtu kuhisi. Mtu akisimama majini kwa saa moja akiosha gari, amewapa nafasi ya kutosha. Ng'ambo ya mpaka, Kisumu, katika miaka ya 1990 watafiti waliwafuatilia vijana waliokuwa wakiosha magari ndani ya Ziwa Victoria kwa malipo, kwa sababu kazi yao ilikuwa mfano wazi mno: walitibiwa, wakarudi kazini, na wengi wakaambukizwa tena.

Nitasema ukweli wote, hata ule unaonisaidia. Watoto wa ufukweni huogelea, huchota maji, huvua dagaa. Yule mvulana angeweza kuupata ugonjwa hata kama nisingekuwa na gari. Hakuna mahakama ambayo ingenihukumu. Kwa miaka mingi nilijifariji kwa hoja hiyo, mpaka nilipotambua kwamba katika hoja yote ile nilikuwa nikijiuliza kama nina hatia, na sikujiuliza hata mara moja ilikuwaje nikampeleka. Alipata dawa, akapona. Lakini mtihani wa darasa la saba aliufanya akiwa amekosa masomo ya miezi mitano, na hakuchaguliwa. Wakati ule waliochaguliwa walikuwa wachache sana, na hapakuwa na shule za kata kama zilizokuja kujengwa katika miaka ya 2000. Mlango ulikuwa mmoja, nao ulifungwa.

Jumamosi iliyofuata ujio wa bibi nilifuta neno "gari" katika daftari la zamu. Nikaanza kuliosha mwenyewe, nyuma ya nyumba, kwa ndoo. Kusugua sikuacha. Labda nilisugua zaidi kuliko kwanza.

Mwaka 1983 niliona doa la kijivu kwenye ukingo wa boneti. Nilidhani ni uchafu, nikalisugua. Likakua. Nilipofika kwa fundi wa rangi pale Bunda, mzee aliyejifunzia kazi Mwanza kwa Wahindi, alipitisha kiganja juu ya boneti, akazunguka gari zima bila kusema neno, kisha akaniambia, "Mwalimu, umelifuta gari kama unavyofuta ubao." Nikamwambia nimekuwa nikilitunza. Akajibu, "Ndiyo. Umelitunza mpaka limekwisha." Akanionyesha: kwenye kingo zote, ambako rangi huwa nyembamba na mkono huweka nguvu, rangi ya maziwa ilikuwa imekwisha, rangi ya chini imetokea, na mahali pawili bati lenyewe lilikuwa limeanza kushika kutu. Makopo manne ya mjomba, ambayo yeye aliyatumia mara moja kwa mwaka, mimi niliyamaliza kwa miaka minne.

Rangi mpya haikupatikana. Tulipaka iliyokuwapo, ya kijani, na gari likatembea hivyo hadi nilipoliuza mwaka 1992. Wakati huo mambo yalikuwa yamebadilika. Tangu 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, Mzee Mwinyi akaja mwaka uliofuata na ruksa zake, na baada ya muda magari ya mitumba kutoka Japani yakaanza kujaa barabara ya Mwanza hadi Musoma. Haya nayo yana rangi ya namna nyingine: chini rangi yenyewe, juu yake tabaka la uwazi kama kioo, na tabaka hilo ndilo linalobeba mng'aro wote. Likikwanguliwa likaisha hakuna dawa, ni kupaka upya.

Basi sasa naweza kumjibu jirani yangu kwa ukamilifu.

Osha gari mara moja kwa wiki, na wakati wa kiangazi, vumbi la changarawe linapokuwa jingi, mara mbili. Usilifute vumbi kavukavu kwa kitambaa. Vumbi letu ni mchanga, na utakuwa umeligeuza tambara kuwa msasa. Mwaga maji kwanza yabebe kilicho huru, kisha osha kutoka paa kushuka chini, kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia tambara. Sabuni kali ya unga huondoa nta, na mafuta ya taa ambayo wengine hupaka ili gari ling'ae hung'aa nusu siku, kisha hushika vumbi. Kinyesi cha ndege kiondoe siku hiyohiyo. Nta paka kila baada ya miezi miwili au mitatu, kivulini, bodi ikiwa baridi, kwa kitambaa cha pamba. Kama huna fedha ya hayo, paka mara mbili kwa mwaka: kabla ya masika na kabla ya vuli. Maji yenyewe yatakuambia. Yakisimama juu ya boneti kama matone ya umande, nta ipo, yakitandaa, imekwisha. Na dawa ya kusugulia usiiguse ila rangi imefifia kweli, tena isizidi mara moja kwa mwaka, na ikiwezekana isifike hapo.

Liosheni nyumbani, au mahali palipojengwa kwa kazi hiyo, mbali na ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu, au zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Lakini hata pasingekuwa na sheria, mwenye gari na aulize kwanza: mikono ya nani iko majini?

Miaka kadhaa iliyopita nilikutana na yule mvulana msibani. Sasa ni mtu mzima mwenye mvi na wajukuu, mkulima na mvuvi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Shikamoo Mwalimu." Tuliongea habari za marehemu na za mvua. Nilikuwa nikitafuta namna ya kulianza neno langu, naye akanitangulia. "Ile 404," aliuliza, "ilikwenda wapi?" Nikamwambia niliiuza. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Lilikuwa gari zuri," alisema. "Tulikuwa tunajiona sura zetu."

Nilimwomba msamaha, palepale chini ya turubai. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Yameshapita, Mwalimu," na akanyanyuka kwenda kumsaidia mtu kubeba sufuria la maji. Sijui kama hilo lilikuwa jibu. Nililipokea kama lilivyo.

Mimi sasa nina gari dogo la kijivu. Naliosha Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali, kwa maji ya bomba na ndoo mbili. Wajukuu wakitaka kusaidia nawaambia wamalize kwanza kazi zao za shule.